Faili thelathini na saba ndani ya package.use: nifute zote?

Swali: Shikamoo kaka. Natumia Gentoo, ule mfumo wa Linux unaojenga programu zake kutoka msimbo wa chanzo, mwaka wa tatu sasa, kwenye laptop niliyoinunua mkononi pale Kariakoo. Nilianza na faili mbili tu ndani ya /etc/portage/package.use, saraka ya kuchagua vipengele vya kila programu, leo zipo thelathini na saba, na ile zz-autounmask peke yake ina mistari zaidi ya mia mbili. Mingi sijui niliiweka lini wala kwa nini. Nikisasisha, mashine inakompaili usiku kucha, na huku kwetu Kimara umeme ukikatika katikati ndiyo basi tena. Nifute zote nianze moja? – Msomaji, Kimara

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usifute zote. Ndani ya rundo hilo kuna mistari ya aina mbili, na ukiifuta kwa pamoja utapoteza ile inayokufaa.

Aina ya kwanza ni mistari ya matakwa yako. Ulitaka mpv icheze aina fulani ya video, au hukutaka programu ya ofisi ivute maktaba za mazingira mengine ya dawati, ukawasha au kuzima swichi ya USE, ile inayoamua kipengele gani cha programu kijengwe. Hii hakuna atakayekukumbusha ikipotea. Aina ya pili ni mistari ya lazima: uliomba programu moja, Portage (msimamizi wa pakeji wa Gentoo, unayemwita kwa amri ya `emerge`) ikasema haiwezi kuijenga mpaka swichi fulani iwashwe kwenye maktaba fulani, ukakubali, ikaandika yenyewe. Hiyo ndiyo inayojaa kwenye zz-autounmask. Raha ya aina hii ni kwamba ikihitajika tena, Portage itaidai tena. Kwa hiyo tuanze na hii ya pili.

Kabla ya kugusa chochote, tunza nakala: `cp -a /etc/portage /root/portage-kabla`. Kisha usianzie kwenye package.use. Anzia kwenye faili la /var/lib/portage/world. Humo ndimo yanamoandikwa majina ya programu ulizoziomba wewe mwenyewe, na mistari ya lazima yote inaning'inia kwenye majina hayo. Lifungue ulisome jina kwa jina. Utakuta maktaba ulizoziweka siku moja kujaribu kurekebisha kosa bila kutumia `--oneshot` (chaguo linalozuia jina lisiandikwe humo), na programu ulizokwisha kuziacha. Ziondoe kwa `emerge --deselect`, halafu tazama `emerge --pretend --depclean`, amri ya kutoa pakeji zisizohitajika tena, inapendekeza kutoa nini. Soma orodha hiyo kwa utulivu. Ukiridhika, irudie bila `--pretend`.

Sasa hamisha zz-autounmask, uiweke nje ya /etc/portage kabisa, kisha andika:

`emerge --pretend --verbose --update --deep --changed-use @world`

Amri hii haibadilishi kitu, inakuonyesha tu. Portage itakataa kuendelea na kukutajia swichi zinazohitajika leo, na juu ya kila mstari itaandika `# required by`, ikikuambia ni pakeji gani iliyodai. Mara nyingine haitoi madai yote kwa mkupuo: weka yaliyotoka, rudia amri, mpaka itulie. Mistari mia mbili ikirudi thelathini usishangae. Iliyobaki ilikuwa ikishikiliwa na programu ambazo hazipo tena kwenye mashine yako.

Hapa nikae kidogo, maana ndipo umeme wako unapoishia. Juzi kijana mmoja wa Sinza aliniletea mashine yenye malalamiko kama yako. Kwenye package.use nikakuta mistari kadhaa inayoishia na `abi_x86_32`: libX11, mesa, libpng na ndugu zao. Nikamuuliza, ukaja ukweli kwamba aliwahi kuweka Wine, ile inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, ili afungue programu ya mahesabu ya Windows, akaitumia mwezi mmoja, akaiondoa. Wine ilikwenda, mistari ikabaki. Swichi hiyo inaiambia Portage ijenge maktaba mara mbili, moja ya biti 64 na nyingine ya biti 32. Kwa libpng ni suala la dakika. Lakini mesa yake, maktaba ya michoro, ilikuwa inategemea LLVM, zana kubwa ya kukompaili inayochukua muda mrefu kujengwa, na LLVM nayo ilikuwa imeandikiwa mstari wake. Kila LLVM ilipotoa toleo jipya, ile laptop iliijenga mara mbili, feni zikipiga kelele kwenye joto hili letu la Januari, kwa ajili ya programu ambayo haikuwepo. Tuliifuta ile mistari mbele ya macho yake.

Ndiyo maana nakusihi uache kupanga faili kwa jina la maktaba, upange kwa sababu. Faili moja liite `wine`, ndani yake weka kila mstari ulioletwa na Wine, uwe wa mesa au wa libpng. Jingine liite `ofisi`, jingine `video`. Mstari wa kwanza wa kila faili uandike kwa Kiswahili chako, ukiuanza na alama ya #, kwa nini faili lipo na tangu lini. Siku Wine inaondoka, unafuta faili moja na habari zake zote zinakwenda nayo. Hiyo zz-autounmask ibaki kuwa sebule ya kupokelea wageni: Portage ikiandika kitu humo, siku hiyo hiyo kihamishie kwenye chumba chake. Kumbuka tu kwamba faili husomwa kwa mpangilio wa alfabeti, na la baadaye hulishinda la kabla pale yanapopingana.

Mistari ya matakwa ndiyo inayotaka muda wako, kwa sababu hakuna amri itakayokuamulia. Toa mmoja, endesha ile amri ya `--pretend`, tazama pakeji husika. Swichi inayobadilika itakuwa na kinyota pembeni yake. Kisha jiulize kama kitakachopotea unakitumia. Mstari ukitolewa na kinyota kisitokee, ulikuwa haufanyi kazi, kwa kawaida kwa sababu wasifu wa mfumo (profile, yaani mipangilio ya msingi ya Gentoo) umekwisha kuiwasha swichi hiyo. Ipo pia programu iitwayo eix: ukiiweka, endesha `eix-update` kisha `eix-test-obsolete`, nayo itakuorodheshea mistari isiyolingana na pakeji yoyote. Inasaidia, ila haijui nia yako, kwa hiyo usifute kila inachokitaja.

Kwenye package.accept_keywords, mahali pa kuruhusu matoleo ya majaribio, angalia alama ya `>=`. Ukiandika `>=` mbele ya jina la pakeji lenye namba ya toleo, pakeji hiyo itabaki kwenye matoleo ya majaribio milele, na masasisho ya majaribio huja mara nyingi. Tumia `~` mbele ya jina, yaani toleo hilo pamoja na marekebisho yake madogo tu. Toleo likikomaa au likiondolewa, mstari unakufa wenyewe na eix itakuonyesha maiti yake.

Kuna faida nyingine ambayo pengine hukuiwaza. Tangu Desemba 2023 Gentoo inatoa pakeji nyingi za amd64 (kompyuta za kawaida za biti 64 za Intel na AMD) zikiwa zimekwisha kujengwa. Lakini Portage huchukua pakeji hiyo pale tu swichi zako zinapolingana na zile ilizojengwa nazo. Kila mstari wa kizamani unaobaki unaweza kukunyima LibreOffice iliyo tayari na kukulazimisha kuijenga mwenyewe. Ukishasafisha, weka `FEATURES="getbinpkg"` kwenye make.conf, faili la mipangilio ya jumla ya Portage, baada ya kutayarisha binrepos.conf, panapotajwa seva za pakeji hizo, uone ni ngapi zitakuja tayari.

Na kuhusu umeme: ukikatika katikati, ukirudi andika `emerge --resume`. Pakeji iliyokuwa jikoni itaanza upya, lakini zilizokwisha kuingia hazirudiwi. Faili za chanzo zilizokwisha kushuka zinabaki /var/cache/distfiles, kwa hiyo bando lako haliliwi mara mbili. Usikimbilie `eclean-dist`, amri ya kufuta faili hizo za chanzo, mpaka kazi yote iishe.

Fanya world na zz-autounmask wiki hii, matakwa uyafanye taratibu, faili mbili tatu kila ukikaa. Ukikwama, nitumie yale madai ya Portage jinsi yalivyo, pamoja na mistari yake ya `# required by`, tutayasoma pamoja.