Re: Picha za kabla na baada ya upasuaji
Habari dada. Kama nimekuelewa, unataka kupunguza matiti, daktari amesema lazima upigwe picha kabla na baada, na unaogopa zisije zikaishia Instagram ya kliniki.

Picha zenyewe usizikatae, daktari anazihitaji kulinganisha matokeo. Anza na fomu ya ridhaa. Mimi nilipofanya tumbo, ruhusa ya matangazo ilikuwa imechomekwa humohumo kwenye ridhaa ya upasuaji, mstari mmoja karibu na mwisho. Nikaukata kwa kalamu, nikasaini pembeni, nikapiga picha ukurasa. Muuguzi alinuna, ila upasuaji ulifanyika. Uliza pia zinapigwa kwa simu ya nani! Kwangu ilikuwa ya muuguzi mwenyewe. Niligoma hadi ikaletwa kamera ya kliniki. Na kuficha uso tu hakutoshi: kovu, tatuu, hata shanga za kiunoni watu wanazitambua.

Zikirushwa bila ruhusa yako, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ya Tanzania inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Waandikie barua wazitoe, wakikaidi nenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mimi sikufika huko.

Na kama unawaza kazini utasema nini, mimi nilichukua likizo yangu ya kila mwaka, hakuna aliyeuliza.