Mtoto njiti amefaulu OAE: je, bado anahitaji AABR?

SWALI: Mwanangu alizaliwa kwa wiki 32, akalazwa siku 9 kwenye chumba cha watoto mahututi. Alikuwa na manjano makali, akachomwa sindano za gentamicin, dawa ya kuua bakteria, kwa siku 7. Kabla hatujaruhusiwa alipimwa masikio kwa OAE, akafaulu yote mawili. Nasikia wengine hupimwa kwa AABR. Tofauti ni mashine tu?

JIBU: Hongera, mama, kwa kurudi nyumbani na mtoto. Tofauti si mashine tu, na kwa mtoto wako OAE peke yake haitoshi. Omba apimwe AABR, kipimo cha neva ya usikivu.

Katika OAE, kijipira laini huingizwa sikioni, kikatoa milio midogo, kisha maikrofoni iliyomo ikasikiliza mwangwi unaotengenezwa na sikio lenyewe. Mwangwi huo, alioueleza David Kemp wa London mwaka 1978, hutoka kwenye seli za nje zenye vinyweleo ndani ya koklea, sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti. Ukisikika, seli hizo ni nzima. Habari inaishia hapo; neva inayopeleka sauti kwenye ubongo haijapimwa.

AABR inafika huko. Mtoto akiwa usingizini hubandikwa elektrodi (vibandiko vinavyonasa ishara za neva), husikilizishwa milio midogo ya desibeli 35 hivi, na mashine husoma kama neva na shina la ubongo vimeitikia. Manjano makali au kukosa hewa wakati wa kuzaliwa huweza kuumiza njia hiyo huku koklea ikibaki salama. Mtoto wa namna hiyo hufaulu OAE bila shida, na maneno hayamfikii sawasawa. Kwa sababu hiyo mtoto aliyelazwa mahututi zaidi ya siku 5 hupimwa kwa AABR.

OAE siidharau. Ni ya haraka, ni nafuu, na inamfaa mtoto aliyezaliwa bila matatizo, ingawa katika saa 24 za mwanzo majimaji yaliyobaki sikioni huwafelisha wengi wanaosikia vizuri.

Akifeli AABR, tafadhali usikubali arudiwe kwa OAE ili apate alama ya kufaulu. Aende kwenye uchunguzi kamili, na jibu lipatikane kabla ya miezi 3. Akifaulu pia, mrudishe kwa mtaalamu wa usikivu kabla hajatimiza miezi 9, kwa sababu madhara ya gentamicin kwenye usikivu huweza kujitokeza baadaye.