Jibu: Usinakili, zalisha kutoka programu mama

Mkuu, umeuliza kama programu yako ya Prolog (lugha ya kuandikia programu kwa kanuni za kimantiki) ya kupiga bei za samaki pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, uinakili mara tatu, ya sangara, ya sato na ya dagaa, kwa kuwa ile ya jumla inajikokota kwenye simu. Nakuomba usinakili. Mimi nilifanya hivyo: kosa la kuzidisha uzito nikalirekebisha kwenye nakala mbili, ya tatu ikawapunja wauza dagaa wiki nzima. Iliniuma sana.

Baki na programu mama moja, hizo ndogo zizalishe kwa kuingiza mapema kile unachokijua. Tuseme una hizi, ambapo A ni aina ya samaki, U uzito kwa kilo, K kiwango yaani bei ya kilo moja, na B bei yote:

bei(A,U,B) :- kiwango(A,K), B is U*K.
kiwango(sangara,9000).

Ukijua A ni sangara, pale penye kiwango weka jibu lake, huko ndiko kuifungua kanuni:

bei_sangara(U,B) :- B is U*9000.

Kutafuta kumeisha, majibu ni yale yale. Watafiti Tamaki na Sato waliweka misingi ya kufungua kanuni za kimantiki namna hii, na ya kuzikunja yaani kinyume chake, mwaka 1984.

Pa kuwa makini ni kanuni inayojiita yenyewe: ukiifungua bila kikomo hutamaliza kamwe. Na yenye alama ya ! (inayoizuia Prolog kurudi kujaribu njia nyingine) usiifungue kama kanuni ya kawaida, majibu yanaweza kugeuka.

Bei ikipanda asubuhi, badilisha mama, zalisha upya. Weka hapa kanuni yako ya kugeuza sado za dagaa kuwa kilo, tuifungue pamoja.