Harris na silaha za Israel: alisema nini hasa 2024

Kwa anayeuliza kama Kamala Harris aliahidi kuinyima Israel silaha kwenye kampeni ya urais wa Marekani ya 2024: hapana. Agosti mwaka ule mshauri wake wa usalama, Phil Gordon, aliandika wazi kwamba Harris haungi mkono vikwazo vya silaha. Mwisho wa mwezi CNN walipombana Harris mwenyewe kama sera ya silaha ingebadilika, alijibu hapana, kisha akageuzia maneno kwenye makubaliano ya kusitisha vita. Kilichobadilika ni lugha tu, maana mateso ya Gaza aliyataja kwa uzito kuliko Biden.

Na msichanganye hotuba na fungu la fedha. Hati ya maelewano ya Marekani na Israel ya 2016, enzi za Obama, inaahidi dola bilioni 38 kwa miaka 10, 2019 hadi 2028: bilioni 33 za kununulia silaha, bilioni 5 za kinga dhidi ya makombora. Fedha zenyewe huidhinishwa na Congress, bunge la Marekani, kila mwaka. Rais nafasi yake ni kwenye shehena, kama Biden alivyozuia mabomu ya pauni 2,000 (karibu kilo 907) Mei 2024. Mgombea yeyote muulizeni hapo: shehena ipi, kwa sharti gani?