Jibu: Je, kudai haki ni kazi ya mwanafunzi wa Yesu, au tubaki na wokovu tu?

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu aliyeokoka anapoteza muda akisema juu ya haki. Mtazame Janani Luwum. Aliokoka mwaka 1948 katika uamsho wa Balokole, watu wa kutubu hadharani na kushika Neno. Na huyohuyo, akiwa Askofu Mkuu wa Kianglikana Uganda, ndiye aliyeungana na maaskofu wenzake Februari 1977 kumwandikia Idi Amin kulalamikia mauaji na raia kutoweka. Wokovu wake ndio uliomfungua mdomo! Tarehe 16 mwezi uleule aliuawa. Serikali ikasema ni ajali ya gari, lakini mwili ulikuwa na matundu ya risasi. Ukapelekwa kimyakimya kijijini kwao Mucwini. Kule Namirembe, kwenye kanisa kuu la Kianglikana jijini Kampala, kaburi lake lilikuwa limeshachimbwa, na waumini wakasimama kando ya kaburi hilo tupu, wakiimba.

Kwako wewe huenda si rais. Soma Yakobo 5:4, ujira wa mvunaji uliozuiliwa unavyolia mpaka masikioni mwa Bwana. Kisha muulize dada anayekufulia nguo: mshahara wa mwezi uliopita ameshaupata?