Mpigaji mteule katika besiboli akiingia kulinda uwanja

SWALI: Katika besiboli ya Marekani, mpigaji mteule akipelekwa kulinda uwanja wakati mchezo unaendelea, timu inapoteza nini? Na kwa nini kanuni hii bado inabishaniwa ilhali ligi zote mbili kuu zinaitumia?

JIBU: Mpigaji mteule hupiga mpira badala ya mrushaji (mchezaji anayewarushia wapigaji wa timu pinzani mpira), naye halindi uwanja. Akiingizwa kulinda, anabaki katika nafasi yake ileile kwenye orodha ya wapigaji, na mrushaji analazimika kupiga katika nafasi ya mlinzi aliyetolewa. Kuanzia hapo timu haina tena mpigaji mteule hadi mchezo uishe. Ndiyo maana makocha huikwepa hatua hiyo, isipokuwa wamebanwa hasa, kwa mfano mdakaji (anayedaka mipira ya mrushaji) anapoumia na mpigaji mteule ndiye mdakaji pekee aliyesalia.

Kuhusu ubishi, American League, moja ya ligi hizo mbili kuu, iliipokea kanuni hii mwaka 1973, na Ron Blomberg wa New York Yankees, timu ya ligi hiyo, akawa wa kwanza kupiga kwa nafasi hiyo, huko Boston. Ligi ya pili, National League, iliikataa, ikaitumia kwa muda mwaka 2020 wakati wa korona, na kuikubali kwa kudumu mwaka 2022. Wanaoipinga wana hoja nzito. Zamani, timu ikiwa nyuma kwa pointi moja katika awamu ya 7 na zamu ya kupiga ikimfikia mrushaji ambaye bado anarusha vizuri, kocha alipaswa kuamua kama amwache apige, huku akijua kwamba pengine atashindwa, au amtoe na kukosa urushaji wake. Uamuzi huo uliwatofautisha makocha hodari na wa kawaida, na kuondoka kwake ni hasara ya kweli.

Hata hivyo, naiunga mkono kanuni, hasa kwa kuwa sasa ni moja kwa wote. Mwaka 2008 Chien-Ming Wang wa Yankees, aliyekuwa ameshinda michezo 19 katika kila mmoja wa misimu miwili iliyotangulia, aliumia mguu akikimbia kati ya vituo mjini Houston, kwa sababu tu wenyeji walikuwa wa National League na warushaji walipaswa kupiga. Hakurudia tena kiwango chake. Kumtaka mchezaji afanye kazi ambayo ligi yake haimwandai kuifanya halikuwa jambo la haki.

Wala kanuni haimkatazi mrushaji kupiga. Tangu mwaka 2022, mrushaji anayeanza mchezo, kama Shohei Ohtani, anaweza kuandikwa pia kuwa mpigaji mteule, na waamuzi humhesabu kama watu wawili: akitolewa katika kurusha anaendelea kupiga, ila haruhusiwi kurudi kurusha katika mchezo huo.