Hubadili au hubadilisha vimeng'enya?

SWALI: Nilitafsiri makala ya afya nikaandika: "Seli za saratani hubadilisha vimeng'enya vinavyodhibiti sukari." Mhariri akafuta "hubadilisha" akaweka "hubadili". Amenisahihisha, au ni mapendeleo yake tu? Tena mwenzangu anadai kimeng'enya ni cha tumboni, hakihusiani na saratani.

JIBU: Mwenzako amepotoshwa na asili ya neno. Kitenzi meng'enya ndicho kilichotupa mmeng'enyo wa chakula, kwa hiyo mawazo hukimbilia tumboni. Lakini chukua heksokinasi, kimeng'enya kinachoipokea glukosi, yaani sukari ya mwilini, mara inapoingia kwenye seli. Hakimeng'enyi kitu, huibandika fosfati tu, ikashindwa kutoka tena. Bado ni kimeng'enya, kwa maana neno hilo hutaja protini yoyote inayoharakisha badiliko la kikemia mwilini, si ya tumboni tu. (Na ritifaa usiisahau, ng' si ng.)

Sasa vitenzi. Waandishi waangalifu husema kubadili wakimaanisha kukipa kitu hali nyingine, kama kubadili nia au sauti, na kubadilisha wakimaanisha kutoa hiki na kuweka kile, kama kubadilisha fedha. Mitaani mpaka huo umefifia, nami simkosoi anayevichanganya. Katika sentensi yako, hata hivyo, una faida, kwa sababu seli ya saratani hufanya yote mawili.

Tazama piruvati kinasi, kimeng'enya kingine kinachosaidia kuvunja glukosi. Jeni moja hutoa aina mbili, M1 na M2. Misuli ya mtu mzima hutumia M1, lakini seli nyingi za saratani hutegemea zaidi M2. Pale ambapo M2 imeshika nafasi ya M1, hubadilisha ndilo neno lenyewe, na mhariri amekosea kulifuta. Ila M2 nayo ina tabia yake: molekuli nne zikishikamana, kazi huenda kasi, zikibaki mbili mbili, hupungua. Seli ikiitoa kwenye hali ya kwanza na kuipeleka kwenye ya pili, imeibadili, na hapo mhariri ameshinda. Kuhusu heksokinasi 2, aina mojawapo ya heksokinasi, ambayo uvimbe mwingi huitengeneza kwa wingi, vitenzi vyote viwili havifai. Sema huongeza.

Kinachonikera mimi ni "vinavyodhibiti sukari", ambacho mhariri hakukigusa. Kwa Waswahili wengi, anayedhibiti sukari ni mgonjwa wa kisukari, na sukari yenyewe ni ile ya kwenye damu. Wewe unazungumzia jambo lililo ndani ya seli, lile aliloligundua mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg miaka ya 1920: uvimbe wa saratani huvunja glukosi nyingi na kutoa laktati (zao ambalo kwa kawaida seli huitoa kwa wingi oksijeni ikipungua) hata pale oksijeni inapokuwepo. Ningeandika hivi:

"Seli nyingi za saratani huongeza baadhi ya vimeng'enya vinavyovunja glukosi ndani yake, na vingine huvibadilisha kwa aina tofauti."